Mtawa wa Bakuli Kwenye Njia ya Nundu

Niliporudi mjini kwetu Baraka nikiwa nimevaa joho la utawa, mtu wa kwanza kunisemesha hakuniuliza habari za Budha. Alikuwa mama mmoja mwenye beseni la ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, kichwani, pale kando ya soko. Aliangalia joho langu, lenye rangi ya chungwa lililoiva, akasema:

"Papa, kunipeleka paka Lweba ni ngapi?"

Nikamwambia mimi si dereva.

"Na moto yako iko wapi?"

"Sina moto, mama."

"Sasa ile gile umevaa ni ya nini?"

Vijana wa moto, madereva wa pikipiki, huvaa gile, yaani vizibao, za rangi hiyo hiyo, kwa hiyo mama yule hakuwa na kosa. Nilijaribu kumweleza kwamba mimi ni mtawa wa Kibudha, ninatembea kwa miguu, ninaishi kwa chakula ninachopewa. Alisikiliza mpaka mwisho kwa heshima zote, kisha akageuka akamwita dereva wa kweli. Hayo ndiyo yalikuwa mapokezi yangu.

Ninyi vijana mnaokuja hapa kwa dada yangu jioni, mnakaa kwenye benchi na simu zenu mikononi na kuniuliza kazi yangu ilikuwa kazi gani, nimeamua kuwaandikia. Nikisema kwa mdomo naruka huku na kule, na ninyi mnacheka kabla sijamaliza. Magoti yangu yamestaafu. Mimi bado ni mtawa, lakini kutembea nimeacha, na kutembea ndiko kulikokuwa kazi.

Mimi ni mtoto wa hapa hapa. Baba alikuwa mvuvi, mama aliimba kwaya ya Waprotestanti. Vita vilinivusha ziwa mpaka kambi ya wakimbizi, na kambi ilinichosha nikazidi kwenda kusini, mpaka mji mmoja ambako nilipata kazi ya kupika katika hekalu dogo la Wabudha. Nilikwenda kule kwa ajili ya mshahara, sikwenda kutafuta dini. Mkubwa wa hekalu alikuwa mzee kutoka Sri Lanka, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Jina lake Sumana, nasi tulimwita Bante, ndivyo wanavyomwita mtawa mwenye heshima.

Wiki za kwanza niliweka chumvi nyingi katika kila kitu. Bante alikula chote, akashukuru, akanywa maji mengi. Sikuambiwa neno. Siku niliyoonja mwenyewe sufuria yangu ndipo nilipoelewa, nikaenda kumuuliza kwa nini hakusema. Akajibu kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Mimi napewa. Mtu anapewa hachagui."

Wakati ule nilikuwa na hasira kifuani kila siku. Nililala nayo, niliamka nayo. Niliwajua kwa majina watu niliowachukia, na wengine niliwachukia bila kuwajua majina. Nikamwangalia yule mzee anayekula chumvi na kushukuru, nikatamani kujua anafanyaje. Alinifundisha kukaa kimya na kuifuata pumzi yangu. Haikuwa dawa ya siku moja. Lakini baada ya muda mrefu niliomba kunyolewa kichwa, na baada ya muda mrefu zaidi Bante akasema, "Rudi kwenu. Tembea huko. Huku watawa tunatosha."

Nilipofika mlangoni kwa mama, aliona kichwa kilichonyolewa na shuka mwilini, akaweka mkono kifuani.

"Nani amekufa?"

"Hakuna, mama. Ni mimi tu nimerudi."

"Sasa kwa nini umenyoa?"

Nilimweleza. Habari ya dini aliipokea vizuri kuliko nilivyotegemea. Alisema Mungu anajua kusoma hata mwandiko mbaya. Lakini niliposema kwamba sili tena baada ya saa sita mchana, mama yangu alilia. "Magaribi hukuli? Hata kidogo? Hata ndizi?" Kwaya nzima ilikuja kunisihi nile chakula cha jioni. Mwishowe mama aliwaambia wenzake, "Ni kama pasta, ila yeye anakulaka asubui na hasemake sana," na wote wakaridhika.

Sasa niwape siri za kazi yenyewe, maana mnaniuliza juu ya mbingu na hamniulizi juu ya miguu.

Utawa wetu unasema mtawa haombi kwa mdomo. Anasimama mbele ya nyumba na bakuli lake, kimya, macho chini. Akipewa anapokea, asipopewa anaondoka. Kule kwao Bante, Sri Lanka, watu wanalijua jambo hilo tangu mababu. Hapa kwetu, mtu anayesimama mbele ya mlango asubuhi bila kusema hodi ni mchawi au ni askari wa upelelezi. Nyumba ya kwanza walifunga mlango. Nyumba ya pili walinifungulia mbwa. Nilipanda kwenye mti wa mpera na joho langu lote, na kutoka juu ya mpera nikampigia simu Bante.

Alicheka mpaka akakohoa. "Budha hakukataza salamu," akasema. "Salimia kwanza, uliza hali ya watoto, ndipo unyamaze."

Tangu siku hiyo nilisema hodi, nikauliza habari za nyumbani, nikaeleza kwa maneno machache mimi ni nani, ndipo nikanyamaza. Na bamama wa huku kwetu Fizi, wakishajua unasimama kwa sababu ya njaa na si kwa sababu ya uchawi, hawawezi kukuacha. Nilipewa bugali na sombe, yale majani ya mihogo, nilipewa mihogo ya kuchemsha, nilipewa kichwa cha samaki kinachonitazama. Pale Makobola mzee mmoja alikuwa akinipa kila mara kipande kidogo kuliko cha jirani yake, na kila mara aliniomba nimwombee jirani awe na kiasi. Vyote viliingia katika bakuli moja. Mkitaka kufanya kazi hii, zoeeni kwanza ladha ya ndizi iliyolala juu ya samaki.

Bakuli langu lilikuwa la chuma, jeusi, la mviringo, lenye mfuniko. Askari kwenye bariyeri, vile vizuizi vya njiani, waliliogopa. Mmoja aliniambia niliweke chini nirudi nyuma, na yeye mwenyewe akarudi nyuma zaidi yangu. Nikajifunza kutembea na mfuniko mkononi, ili kila mtu aone tangu mbali kwamba ndani mna muhogo tu. Viatu: nunueni vya tairi, si vya plastiki. Joho: msilianike juu ya majani ya barabarani, vumbi la lori halitoki. Mito: msivuke mahali maji yaliponyamaza, vukeni mahali yanapoimba na mnapoona nyayo za wanawake, kwa sababu wanawake wanavuka na mizigo kichwani na hawapendi mchezo.

Kuna sheria nyingine inayosema mtawa akae mahali pamoja miezi mitatu ya mvua. Nilimwandikia Bante kumuuliza ni mitatu gani, kwa kuwa mvua ya kwetu ikianza inasahau kurudi kwao. Akaniambia nichague ile ambayo njia inakuwa mbaya zaidi. Nikachagua, na mvua zilizobaki nilitembea na mwavuli wa maua niliopewa na dada yangu.

Lakini kisa mnachotaka ni kile cha tipoyi. Nimewasikia mkikisimulia ninyi kwa ninyi, na mmekiongezea chumvi kama mimi jikoni. Nitawaeleza kilivyokuwa.

Wakati wa kiangazi nilizoea kupanda milimani, kwa wafugaji wa Kinyamulenge. Wao walinipa maziwa. Nikishuka, watu wa chini, Wabembe wenzangu, waliniuliza, "Kule juu banakupatiaka nini?" Nikajibu maziwa. "Na bako namna gani kwa nyumba?" Nikipanda tena, wa juu nao waliniuliza wale wa chini wananipa nini, na kama ni kweli sombe inapikwa na mawese hivyo. Watu hao walikuwa jirani tangu zamani, lakini vita vilikuwa vimewafanya waulizane habari kwa njia ya bakuli langu.

Katika kijiji kimoja cha mwisho wa mteremko, njia inapotoka milimani kwenda Nundu, nilikuwa na mwenyeji wangu, Mama Riziki. Hakuna siku niliyopita pale nisipewe chakula. Riziki alikuwa mtoto wake wa kwanza. Aliuawa katika mapigano ya kule juu. Jina la mama likabaki, mtoto hayupo. Mdogo wake Riziki, jina lake Wilondja, ndiye aliyekuwa mkubwa wa vijana waliolinda bariyeri ya kijiji: mti wa mwanzi uliolazwa katikati ya njia, mapanga, na bunduki moja ambayo sikuwahi kujua kama inalia. Wilondja alinipenda. Aliniita Papa Bakuli. Lakini watu wa milimani hakutaka kuwaona.

Asubuhi moja nilikuwa juu, katika kijiji cha wafugaji, najiandaa kushuka. Mtu mmoja akanijia mbio. Alikuwa mfugaji anaitwa Kigabo, mrefu, mtu wa kusema kidogo. Mke wake, Namahoro, alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu jana yake, na muuguzi wa pale alikuwa amemwambia mtoto amelala upande, hawezi kutoka bila kupasuliwa. Hospitali ni Nundu. Njia ni ile ya bariyeri.

"Mutawa," Kigabo akasema, "weye batu ba chini banakujua. Utatembea mbele yetu?"

"Nitatembea," nikasema. Nilisema haraka, kabla woga haujapata nafasi.

Walimlaza Namahoro kwenye tipoyi, ile machela ya miti miwili na blanketi inayobebwa mabegani na watu wanne. Kigabo na ndugu zake watatu wakaibeba. Mimi mbele na bakuli langu. Namahoro hakulia kwa sauti. Alikuwa akivuta pumzi kwa nguvu na kushika kamba. Mara moja moja aliuliza, "Tumefika?" na Kigabo akamjibu, "Karibu," ingawa hata ziwa tulikuwa hatujaliona.

Kwenye utelezi wa katikati ya mteremko ndugu mmoja akakanyaga vibaya, mguu ukapinda. Tipoyi ikayumba, wakaitua chini kwa shida. Yule ndugu alijaribu kusimama akaanguka, akatuambia tumwache twende. Wakabaki watatu, na watu watatu hawabebi tipoyi katika njia kama ile.

Wote wakanitazama.

Mtawa wetu haruhusiwi kumgusa mwanamke. Ni sheria niliyoiapa. Nilisimama pale nikiangalia ule mti wa tipoyi, na Namahoro akafungua macho akaniangalia mimi. Nikaligeuza bakuli mgongoni, nikalifunga kwa joho, nikaingiza bega chini ya mti. Baadaye nilipomweleza Bante kwa simu nikiwa na wasiwasi, aliniuliza, "Ulishika nini?" Nikasema, mti. "Mti ni mwanamke?" Nikasema hapana. "Sasa unapoteza pesa ya simu ya nini?"

Tulifika bariyeri jua likikaribia utosi. Vijana walituona tangu mbali, wakasimama. Wilondja alinijua kwa joho, akatabasamu, kisha akaona nani anabeba pamoja nami. Tabasamu likaondoka.

"Papa Bakuli, weye pita. Bale babaki hapa."

"Ni mama mjamzito, Wilondja. Mtoto amelala upande. Anakwenda Nundu kupasuliwa."

"Barudi kwao. Kule juu hakuna hospitali? Bajenge." Akauonyesha mlima kwa panga. "Ng'ombe zao zilikula mihogo yetu yote. Na mukubwa yangu alikufa kule. Nani alimubeba na tipoyi? Tulimupata baada ya siku ngapi?"

Nawaambia ukweli, vijana, katika miaka yote ile watu walifikiri mtawa ana neno kwa kila jambo. Sikuwa nalo. Alichosema Wilondja kilikuwa kweli. Kigabo naye alikuwa ametazama chini, na mikono yake ilikuwa kwenye mti wa tipoyi, hakuiondoa. Namahoro alianza kuomba kwa lugha yao, polepole.

Nikafanya kitu kimoja nilichojua kufanya wakati ule wa siku. Tuliitua tipoyi kivulini. Nikalifungua bakuli, nikaenda kusimama mbele ya mlango wa Mama Riziki.

Alitoka na bugali kama siku zote. Akaona joho limechafuka tope na bega langu limechubuka.

"Papa, umebeba nini leo?"

"Nimebeba mama anayezaa. Mtoto hatoki. Wilondja amewasimamisha pale."

"Mama wa wapi?"

"Wa juu."

Bugali ilikuwa bado mkononi mwake, inafuka moshi. Niliona uso wake ukienda mbali, na nilijua umekwenda wapi, nikafikiri, basi, tumeshindwa. Kisha akaweka sahani juu ya kinu, akajifunga kitenge vizuri, akaenda. Nilimfuata.

Hakumwendea mwanawe. Alimwendea Namahoro, akapiga magoti, akaweka mkono juu ya tumbo, akausogeza taratibu kama mtu anayetafuta kitu gizani.

"Iko upande kweli," akasema. Halafu bila kusimama: "Wilondja."

"Mama."

"Weye vilevile ulikuwa upande. Hawakukuambiaka? Nilibebwa na tipoyi paka Nundu. Bale babebaji, wawili kati yao walitoka huko juu. Papa yako aliwakuta njiani na ng'ombe, bakaacha ng'ombe, bakabeba."

Wilondja hakuwa akijua. Niliona.

"Mama, na Riziki?"

"Riziki ni mutoto wangu mbele ya kuitwa ndugu yako," akasema. "Usinifundishe kumulilia. Nitamulilia mi mwenyewe. Sasa toa ile muti."

Kisha Wilondja akaenda mwenyewe akainua mwanzi, akauegemeza kando. Akarudi, akamtazama Kigabo na ndugu zake, walivyokuwa wamejitupa chini kwa kuchoka, akampa mwenzake panga lake.

"Hawa hawafiki Nundu," akasema, kama mtu aliyekasirishwa na jambo hilo. "Watamuangusha mutoto." Akawaita wengine wawili kwa majina.

Kwa hiyo tulitoka pale tukiwa wengi. Wilondja alishika mti wa mbele kulia, Kigabo wa mbele kushoto. Walikwenda mwendo wa haraka sana; kila mmoja hakutaka kuonekana amechoka mbele ya mwenzake, na kwa mara ya kwanza nikaona faida ya ushindani wa vijana. Mimi nilifuata nyuma, bila kula, kwa sababu saa sita ilikuwa imepita na bugali ilibaki juu ya kinu. Mama Riziki alitembea ubavuni mwa tipoyi, ameshika mkono wa Namahoro njia nzima, akimfundisha wakati wa kuvuta pumzi.

Sitawadanganya kwamba siku ile ilimaliza vita. Bariyeri ilirudi, ikaondoka, ikarudi tena kwa majina mengine. Lakini Kigabo alianza kumtumia Mama Riziki kibuyu cha maziwa kila ng'ombe walipozaa, na Mama Riziki alinipa ndagala zilizokaushwa nizipandishe. Nikawa mtu wa mizigo. Nilipomwambia Bante kwamba sheria haisemi kitu kuhusu kubeba ndagala za wengine, alijibu kwamba haisemi, na akaniuliza zinapikwaje.

Turudi siku ile: kule hospitali walimwingiza Namahoro moja kwa moja, Mama Riziki akamsindikiza mpaka alipozuiwa. Sisi tukabaki kwenye benchi la nje. Kigabo alishindwa kukaa. Akaenda bombani kunawa tope, akanawa, akanawa tena. Wilondja aliegemea ukuta na dakika hiyo hiyo usingizi ukamchukua, kinywa wazi, mabega yamevimba.

Jua lilikuwa limeelekea upande wa milima muuguzi alipofungua mlango. Alikuwa na kitu kimefungwa kwa kitenge.

"Papa ya mutoto," akaita. "Papa ya mutoto iko wapi?"

Wilondja aliruka kutoka usingizini kama askari aliyeitwa. "Niko hapa," akasema, na kabla hajajua amesema nini, muuguzi alikuwa amemwekea mtoto mikononi.

"Mama yake iko salama," muuguzi akasema. "Ni mutoto mwanaume. Shika kichwa, papa. Hivyo."

Wilondja alishika kichwa. Alisimama ameduwaa, viwiko nje, hathubutu kupumua. Kigabo alikuwa amerudi, amesimama karibu naye, maji yanamdondoka vidoleni. Wilondja akamwona, akataka kumpa haraka haraka.

"Mushike kwanza," Kigabo akasema. "Mikono yangu bado na maji."

Muuguzi, ambaye hakujua lolote juu yetu, aliinama akamtazama mtoto, akamtazama Wilondja, akatabasamu.

"Anafanana na papa yake," akasema. "Pua hiyo hiyo."

Wilondja hakumsahihisha. Kigabo ndiye aliyeanza kucheka.